Mti wa Uani Umezeeka: Uukate au Uuache?

Mkrismasi uliokuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wangu uling'oka saa kumi alfajiri, mwezi wa Aprili, baada ya mvua ya siku tatu mfululizo. Ulikuwa na majani tele, na hakuna mtu aliyewahi kuushuku. Ulilalia jiko la nje na tangi la maji. Kulipokucha tukaenda kutazama shimo lililobaki: mizizi ya upande wa ukuta ilikuwa imekatika miaka mingi nyuma, ncha zake nyeusi, laini kama muhogo uliooza. Ndipo baba alipokumbuka shimo la choo lililochimbwa upande ule. Mwembe wa mbele, ambao majirani walikuwa wakituhimiza tuukate kwa kuwa ni mzee na una tundu shinani, mpaka leo umesimama na unazaa.

Tangu siku ile naangalia miti ya watu kuanzia chini kwenda juu. Wengi hutazama majani kwanza, na majani husema mambo machache sana kuhusu mti kuanguka. Sehemu iliyo hai katika mti ni ile ya nje: gome na tabaka la mbao changa chini yake, ndimo maji na chakula hupita. Mbao za ndani zilikwisha kufa zamani. Kazi yake ni nguzo. Kwa hiyo mti unaweza kuoza nguzo yake yote huku ukiendelea kuchanua na kuzaa. Vilevile unaweza kupukutika majani yote na usiwe na hatari hata kidogo. Umri peke yake si sababu ya kuukata.

Kabla ya kuukagua, jiulize: ukianguka utaangukia nini? Pima urefu wake. Chukua kijiti chenye urefu sawa na mkono wako ulionyooshwa, kutoka jichoni hadi kwenye ngumi. Kishike wima mbele yako, rudi nyuma polepole mpaka kijiti kifunike mti mzima kuanzia shinani hadi kileleni. Pale uliposimama, umbali hadi kwenye mti ni karibu sawa na urefu wake. Sasa zungusha macho: ndani ya duara hilo kuna chumba cha kulala? Banda la kuku? Njia ya watoto wa shule? Nyaya za umeme? Mti mbovu ulio katikati ya shamba unaweza kuachwa uoze wenyewe, bundi na popo wafaidi. Mti wenye kasoro ileile juu ya chumba cha watoto ni habari nyingine.

Mti umeinama

Miti mingi huinama tangu utotoni ikifuata jua, hasa iliyopandwa karibu na ukuta au chini ya mti mwingine. Utaitambua kwa kilele chake: shina limelala lakini juu limejirudi na kuelekea mbinguni, na chini udongo umetulia. Huo umejijenga katika hali hiyo kwa miaka, mbao zake zimekuwa nene pale panapobeba uzito.

Wa kuogopa ni ule ulioinama karibuni. Nenda upande ulio kinyume na unakoinamia, piga magoti, tazama ardhi. Ukiona nyufa za upinde zinazozunguka shina, au udongo umeinuka kama keki inayoumuka, au mzizi mnene umetokeza juu na gome lake limechubuka upya, mizizi inang'oka. Hapo hakuna la kusubiri. Watoe watu wanaolala upande unakoelekea siku hiyohiyo, funga njia, tafuta fundi. Upepo ukivuma na ukaona ardhi ya pale shinani inapanda na kushuka, kama kifua cha mtu anayepumua, usikae hata karibu.

Kama huna hakika uinamaji ni wa zamani au mpya, tumia timazi ya fundi mwashi. Piga alama ya rangi shinani kwa urefu wa mita 2, ning'iniza timazi kutoka kwenye alama hiyo upande unakoinamia, pima umbali kati ya ncha ya timazi na shina pale chini. Andika namba na tarehe ukutani. Rudia baada ya kila mvua kubwa. Namba ikibadilika, umepata jibu.

Sababu? Mara nyingi sana ni mkono wa binadamu. Mizizi mingi ya mti iko ndani ya mita moja ya juu ya ardhi na husambaa kupita kivuli cha matawi. Haishuki kama nguzo, kama tunavyodhani. Ukichimba msingi wa ukuta, karo au mtaro wa bomba karibu na shina, unakata kamba zinazolishikilia. Kipimo ninachotumia: zungusha kamba kwenye shina kwa kimo cha kifua, gawa mzingo kwa 3.14 upate kipenyo, kisha zidisha kwa 3. Mti wenye mzingo wa sentimita 190 una kipenyo cha karibu sentimita 60, mara 3 ni 180, yaani karibu mita 2. Ukikata mizizi minene ndani ya mita 2 kutoka shinani, umeugusa uwezo wake wa kusimama. Na madhara hayaji mwaka huo. Huja baadaye, vidonda vimekwisha oza, na masika yamelainisha udongo. Kumwaga kifusi juu ya mizizi au kusakafia ua wote kwa zege nako huinyima hewa, ikafa taratibu.

Uyoga umeota shinani

Dalili hii naipa uzito kuliko nyingine zote, na ndiyo watu huipuuza zaidi, kwa sababu haitishi. Sizungumzii vijiuyoga laini vinavyoota kwenye majani makavu baada ya mvua. Nazungumzia ule mgumu kama ubao, uliojibandika shinani karibu na ardhi mfano wa rafu au sahani iliyokatwa nusu: juu kahawia, ukingo mweupe, chini mweupe wenye vitundu vidogo sana ambao ukiukwaruza kwa ukucha unabaki na mstari wa kahawia. Wakati mwingine majani na mawe yaliyo chini yake hufunikwa na unga wa rangi ya kakao. Unga huo ni mbegu zake.

Kile unachokiona ni tunda tu. Mwili wenyewe wa kuvu uko ndani ya mbao, na mpaka kufikia kuzaa umekwisha kula kwa miaka. Kuung'oa uyoga na kumwagia chokaa hakubadilishi chochote. Ni kuchuma embe na kudhani umekata mwembe. Uyoga wa namna hii ukiwa kwenye mizizi au chini ya shina, na ndani ya lile duara ulilopima kuna watu, mimi nashauri mti uondolewe. Ukiwa juu kwenye tawi, huenda tatizo ni la tawi hilo tu.

Njia ambayo kuvu hupitia kuingia ndani ni kidonda. Kwetu vidonda vya chini ya mti vinajulikana: takataka zinazochomwa shinani kila Jumamosi, waya wa kuanikia nguo uliozama ndani ya gome, mbuzi aliyefungwa akatafuna, gari lililorudi nyuma likagonga. Na mwarobaini una balaa lake la peke yake, kwa kuwa kila mwenye homa huja na panga kubandua gome. Kidogo kidogo gome huisha mzunguko mzima. Anayetaka dawa akate kitawi kimoja, aache shina.

Shina lina tundu, au likigongwa linalia kama ngoma

Chukua nyundo ya mbao au ya mpira. Gonga shina kuzunguka, kila baada ya kiganja kimoja, kuanzia chini hadi unapofika. Mbao nzima hutoa sauti fupi na kavu. Penye uwazi sauti hushuka, inakuwa nzito, inabaki ndani. Piga alama za chaki pale sauti inapobadilika. Ukimaliza kuzunguka utaona picha ya uozo ulivyokaa. Gome lililoachia nalo hulia hivyo, kwa hiyo lisukume kwa kidole kwanza.

Kama kuna tundu wazi, ingiza spoku ya baiskeli ndani, taratibu, ukielekeza kwenye ukuta wa shina. Inapopita kama kwenye mkate ni uozo. Inapogoma ni mbao nzima. Kisha kadiria unene wa mbao nzima iliyobaki. Kipimo kinachotumiwa sana na wakaguzi wa miti ni theluthi moja: mbao nzima ikiwa pungufu ya theluthi moja ya nusu kipenyo, mti una hatari kubwa ya kuvunjika. Kwa mti wetu wa kipenyo cha sentimita 60, nusu yake ni 30, theluthi yake 10. Ukuta wa mbao nzima wenye sentimita 10 au zaidi kuzunguka pande zote bado ni bomba imara. Tundu likiwa limefunguka upande mmoja na kupasua bomba hilo, kipimo hicho hakitoshi tena. Kuwa mkali zaidi.

Ndiyo maana mwembe wetu ulinusurika. Una pango linaloingia mtoto, lakini ukuta wake ni kiganja na nusu kila upande, mdomo wa tundu umejikunja kwa gome jipya nono, na mizizi haijaguswa. Mibuyu nayo huishi karne na karne ikiwa mitupu ndani.

Tafadhali usizibe tundu kwa saruji. Mti unayumba, saruji haiyumbi. Panabaki upenyo, maji yanaingia, yanakaa, uozo unaongezeka, na siku ya kukata msumeno unakutana na jiwe.

Mchwa je? Vichuguu vyembamba vya udongo vinavyopanda juu ya gome mara nyingi vinafuata gome kavu la nje tu. Kwangua kimoja, chini pakiwa na gome bichi lenye unyevu, ondoa hofu. Mchwa wanaotoka ndani ya tundu au kwenye ufa wa shina ndio wanaokupa taarifa kwamba mbao za ndani ni chakula chao.

Panda ya mti imepasuka

Mahali shina linapogawanyika mara mbili kwa unene sawa, angalia umbo. Panda iliyo pana kama U hushikana vizuri. Panda nyembamba kama V, ambamo gome la pande zote mbili limebanwa katikati, haijaungana kwa mbao. Imeegemeana tu, na kila mwaka pande zote zinanenepa na kusukumana. Ukiona mstari mweusi wa maji unaochuruzika kutoka pandani, au ufa unaoingia kisu, au kila upande umevimba kama mashavu, panda inaachia. Tanzu moja ikielekea paa, iondoe au ipunguze uzito kabla ya pepo za kusi. Ufa ukiwa umeshuka ndani ya shina lenyewe, mti umekwisha gawanyika, na kuufunga mnyororo ni kujidanganya.

Matawi yanakauka, au tawi limeanguka siku isiyo na upepo

Kwanza hakikisha ni kukauka kweli. Mkungu hugeuza majani mekundu na kuyaangusha yote, mkrismasi hupukutika kiangazi, na yote miwili ni mizima. Kwaruza gome la kitawi kwa ukucha: chini pakiwa kijani na unyevu, kiko hai, pakiwa kahawia na kavu, kimekufa.

Matawi machache ya chini yaliyokauka kwa kukosa jua ni jambo la kawaida, yaondoe. Kilele kikianza kufa kutoka ncha kuja ndani, upande mmoja baada ya mwingine, mara nyingi tatizo liko mizizini, na unarudi kwenye maswali ya juu: nani alichimba, nani alimwaga kifusi, kuna uyoga? Kilele kilichokufa nusu au zaidi hakirudi.

Mikaratusi ina tabia ya kuangusha tawi zima, bichi, mchana wa joto pasipo hata upepo. Hakuna dalili ya kutegemea kabla. Basi usiweke benchi, kitanda cha mtoto wala maegesho ya gari chini ya mkaratusi mkubwa. Mikrismasi na miparachichi nayo ina mbao zinazovunjika upesi, matawi yakirefuka sana kwa ubavu.

Mti uliowahi kukatwa kichwa

Nchi nzima tuna desturi hii: mti ukiwa mrefu, unakatwa juu yote, vinabaki vigogo vitupu. Mwaka unaofuata machipukizi yanatoka kama ufagio na mwenye nyumba anafurahi. Machipukizi hayo yamejishika kwenye tabaka la nje tu la kigogo, ambacho kidonda chake kimeanza kuoza. Baada ya miaka 5 au 8 ni matawi mazito yaliyoning'inia kwenye mbao iliyokufa. Ukinunua nyumba yenye mti wa namna hii, mwambie fundi apande akaangalie maungio, halafu apunguze machipukizi, abakize machache yaliyo imara. Kama vigogo vimeoza mpaka ndani na nyumba iko chini, kata.

Mnazi

Mnazi si mti kama mingine. Shina lake halina gome linalofunika kidonda, na una jicho moja tu la kukulia, lile la kileleni. Tundu shinani halitazibika kamwe, na moyo ukifa hakuna chipukizi.

Makuti yaliyokatwa pembe za V kana kwamba kwa mkasi ni kazi ya chonga, yule mbawakawa mkubwa mweusi mwenye pembe. Mnazi mkubwa huvumilia mpaka afike kwenye moyo. Vidaka vikidondoka kwa wingi, maua yakawa meusi, kisha makuti ya chini yakageuka manjano na manjano hayo yakapanda juu, huo ni ule ugonjwa uliomaliza minazi mingi pwani ya Tanzania. Kilele huoza, huanguka, kinabaki kigogo kama nguzo ya simu. Usingoje kifike hapo. Kata mnazi ukingali mgumu, kwa sababu kigogo kilichokufa huoza haraka na mkwezi hataweza kukipanda. Mkwezi mzoefu akiupapasa mnazi, akautazama, akakataa kupanda, mlipe nauli yake na umwamini.

Mnazi mzima ulio juu ya njia hauna haja ya kukatwa. Angua nazi kabla hazijakauka na toa makuti makavu kila baada ya miezi 3.

Zinazotisha bure

Kirukia kilichojipachika kwenye mwembe hunyonya mti, lakini kukikata pamoja na kitawi kilichokishika kunatosha. Masizi meusi juu ya majani ni ukungu unaoishi kwenye uchafu mtamu wa wadudu. Mabaka ya kijivu kwenye gome na jimbi zilizoota pandani havina neno. Mizizi inayoinua sakafu ni kero ya sakafu. Ukuta ukipasuka, pima kabla ya kulaumu mti. Na penye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama sehemu nyingi za Nairobi, kukata mti mkubwa ghafla karibu na nyumba huweza kuufanya udongo uvimbe kwa maji ambayo mti ulikuwa ukiyanywa, nyufa zikaongezeka. Hapo ongea na mhandisi kwanza.

Kuamua

Mimi naweka mambo mawili pamoja: kasoro na kinachoangukiwa. Kasoro ya mizizi au ya chini ya shina, pamoja na watu wanaolala ndani ya duara: uondoe. Kasoro ya tawi: shughulikia tawi. Kasoro ya wastani na kitu kinachohamishika: hamisha kitu. Nimeona mwembe wa miaka mingi ukipona kwa kuhamisha banda la pikipiki tu. Tawi refu la mwembe linaweza hata kutegemezwa kwa nguzo imara. Ukipunguza majani, usizidi robo kwa mwaka, na kata nje kidogo ya ile shingo iliyovimba tawi linapoungana na shina, usipake lami wala oili chafu. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani aliyepasua maelfu ya miti aone ndani, alionyesha kwamba mti haukarabati mbao iliyooza. Hujenga kuta za kuizuia na kukuza mbao mpya nje yake. Rangi haiusaidii, na kidonda kikubwa huushinda.

Kagua mara mbili kwa mwaka: Februari kabla ya masika, Septemba kabla ya vuli. Udongo uliolowa pamoja na upepo ndivyo vinavyong'oa miti. Pwani yetu husahau upepo kwa sababu vimbunga huja kwa nadra, lakini Aprili 1872 kimbunga kilifagia mikarafuu na minazi ya Unguja, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika hadi Mafia.

Ukiamua kukata

Uliza kwanza ofisi ya mtaa, au sheha kwa Zanzibar, na afisa misitu wa halmashauri kuhusu kibali. Kusafirisha magogo barabarani nako kuna hati yake. Mti unaogusa au kukaribia nyaya, liite shirika la umeme. Usimruhusu fundi ajaribu, hata akikuambia amezoea; mti mbichi hupitisha umeme.

Fundi anayefaa huja na kamba, mkanda na kofia ngumu, huzunguka mti kabla ya kutaja bei, na hukata kuanzia juu, kipande kwa kipande, kila kipande kikishushwa kwa kamba. Anayetaka kuangusha mti mzima kati ya nyumba mbili kwa msumeno na bahati, mshukuru na umwage. Mwonyeshe alama zako za chaki, ajue palipooza kabla hajafunga kamba yake. Mti uliokufa usiuweke mwaka mzima ukisubiri bei ishuke: kila mwezi unakuwa mwepesi kuvunjika, na anayepanda ndiye anayelipia.

Shina la mwembe lililo zima usilifanye kuni. Waulize kwanza wachonga ngalawa. Kisiki usikichome kama kuna mizizi ya mti mwingine karibu. Pale ulipokuwa mkrismasi wetu mama alipanda mgomba, na mche mpya wa mwembe tuliupanda mita 9 kutoka ukutani, upande ambao hakuna bomba.